Theluthi ya Mjane: Mirathi ya Familia ya Custis, 1757–1862

Tarehe 8 Julai 1757, kwenye shamba lililoitwa White House kando ya mto Pamunkey huko Virginia, alifariki tajiri wa tumbaku Daniel Parke Custis. Hakuacha wosia. Aliacha mjane wa miaka 26, Martha. Watoto wawili wadogo, John na Martha, ambao nyumbani waliitwa Jacky na Patsy. Ardhi ya zaidi ya ekari 17,000 iliyotapakaa katika kaunti kadhaa. Fedha zilizokuwa kwa mawakala wake London. Na watu karibu 300 waliokuwa watumwa wake. Watu hao waliorodheshwa kwa majina, na kila mmoja akatiwa bei, katika hesabu ileile ya ng'ombe, farasi na vyombo vya nyumbani.

Virginia wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza, na Custis alikuwa miongoni mwa watu wake matajiri kabisa. Familia yake ilimzika, ikamlilia, ikaendelea na maisha. Kwa watu wale 300 mambo ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Wao, watoto wao, wajukuu, vitukuu na vilembwe walirithishwa kutoka mkono hadi mkono kwa miaka 105: kwa mjane, kwa mume wake wa pili, kwa mtoto wa marehemu, kwa wajukuu wanne, na mwishowe kwa mkwe wa mmoja wa wajukuu hao. Baadhi ya wamiliki hao walikiri wazi kwamba utumwa ni jambo baya. Lakini ilipofika zamu ya kufanya lolote, udhuru ulikuwa tayari: hawa si wangu, ni wa warithi.

Watu waliohesabiwa kuwa ardhi

Udhuru huo ulitoka kwenye vitabu vya sheria. Mwaka 1656 mwanamke mmoja wa Virginia, Elizabeth Key, ambaye mama yake alikuwa Mwafrika, alishinda kesi ya kudai uhuru wake. Mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba baba yake alikuwa Mwingereza huru, na kwa desturi ya Uingereza mtoto hufuata hadhi ya baba. Mwaka 1662 wabunge wa koloni waliuziba mlango huo. Walipitisha kwamba mtoto atafuata hali ya mama. Tangu hapo, mwenye watumwa aliyezaa na mwanamke wake mtumwa hakuwa amepata mtoto mbele ya sheria. Alikuwa ameongeza mali.

Sheria ya pili ilikuja mwaka 1705. Ilisema kwamba katika mirathi watumwa watahesabiwa kama ardhi. Wakulima wa tumbaku walikuwa na hesabu zao. Tumbaku hula rutuba na hula mikono: kuotesha miche, kuhamisha, kupalilia, kuondoa viwavi jani kwa jani, kukata, kukausha, kufungasha kwenye mapipa. Shamba lisilo na watu lilikuwa pori. Kwa kawaida ardhi ya aliyekufa bila wosia ilikwenda kwa mtoto wa kwanza wa kiume, na kama watumwa wangegawanywa au kuuzwa ili ndugu wengine wapate chao, mrithi angebaki na miti. Basi sheria ikawafunga watu kwenye ardhi. Ndugu wadogo walifidiwa thamani, watu wenyewe wakabaki na mrithi. Mwaka 1727 bunge liliongeza kitanzi kingine: mwenye shamba aliweza kulifunga kwa ukoo wake pamoja na watumwa wake, kizazi hadi kizazi, wasiweze kuuzwa nje ya ukoo.

Ndani ya mpango huo mjane alikuwa na fungu lake. Mume akifa bila wosia, mkewe alipata theluthi moja ya ardhi na watumwa, aitumie maisha yake yote. Kuitumia tu. Alikula matunda yake, lakini hakuweza kuuza wala kumwacha mtu huru, na watoto waliozaliwa na wanawake wa theluthi hiyo waliingia humohumo. Akifa, kila kitu kilirudi kwa warithi wa mume wa kwanza. Kama angewapeleka watumwa hao nje ya Virginia bila idhini ya mrithi, sheria ilimnyang'anya fungu lote.

Ukoo wa Custis wenyewe ulikuwa umeonja ukali wa sheria hizi. Baba yake Daniel, John Custis, alikuwa na mwana mwingine, Jack, aliyezaliwa na mwanamke mtumwa wa nyumbani aliyeitwa Alice. Mzee alimpenda mtoto huyo waziwazi, lakini kwa sheria za wakati ule mwenye mtumwa hakuweza kumwacha huru kwa hiari yake; ilimbidi mwaka 1744 amwombe gavana na baraza lake ruhusa ya kumwacha huru Jack. Katika wosia wake aliagiza Jack ajengewe nyumba na kuwekewa samani. John Custis alikufa mwaka 1749, na Jack akafariki mwaka 1751 akiwa bado mvulana. Wana wawili wa baba mmoja: mmoja alirithi mamia ya watu, mwingine ilibidi aombewe kibali ili ajimiliki mwenyewe.

Mume wa pili

Tarehe 6 Januari 1759 Martha aliolewa na kanali mmoja kijana wa Virginia, George Washington. Kwa sheria, mume alishika usimamizi wa mali ya mkewe, hivyo watu zaidi ya 80 wa theluthi ya Martha waliingia mikononi mwake. Mambo ya mirathi hayakuwa mageni kwake. Baba yake alipokufa mwaka 1743, George akiwa na miaka 11, alirithishwa watumwa 10. Hata Mount Vernon, shamba lililokuja kubeba jina lake, wakati anaoa alikuwa akilikodi kutoka kwa mjane wa kaka yake Lawrence, aliyekuwa na haki ya kulitumia maisha yake yote. Mjane huyo alipokufa mwaka 1761 ndipo shamba likawa la George.

Kwa matajiri, kugawa mirathi ya Custis kulikuwa kazi ya karatasi. Washington aliteuliwa kuwa mlezi wa mali za watoto, na kila mwaka alipeleka hesabu mahakamani. Nguo na vitu vya kuchezea vilivyoagizwa London viliandikwa kwenye ankara tofauti, cha Jacky kwa Jacky na cha Patsy kwa Patsy. Kwa watumwa, karatasi hizohizo zilimaanisha safari. Baadhi ya watu wa theluthi walitolewa Pamunkey wakapelekwa Mount Vernon, mwendo wa siku kadhaa kaskazini, huku ndugu zao walioangukia fungu la Jacky wakibaki. Mmoja wa waliohamishwa ni Betty, fundi wa kushona, aliyekuja na mwanawe mchanga Austin.

Patsy alifariki Juni 1773. Fungu lake la fedha likagawanywa nusu kwa kaka yake na nusu kwa mama yake, na nusu ya mama ikamsaidia Washington kulipa deni lake London. Jacky naye alikufa kwa homa ya kambini Novemba 1781, siku chache baada ya Waingereza kusalimu amri Yorktown katika vita vya uhuru wa Marekani. Kama baba yake, hakuacha wosia. Alikuwa na watoto wanne: Elizabeth, Martha, Eleanor na George Washington Parke Custis, aliyekuwa mtoto wa miezi sita. Wawili wa mwisho walilelewa Mount Vernon na bibi yao. Tangu siku hiyo wanne hao ndio waliokuwa wakiingojea theluthi.

Wakati huo sheria za mirathi zilikuwa zikibadilika. Thomas Jefferson aliongoza mwaka 1776 kufutwa kwa utaratibu wa kuifunga ardhi kwa ukoo, na mwaka 1785 Virginia ikaondoa upendeleo wa mtoto wa kwanza wa kiume. Kati ya hizo, mwaka 1782, ilipitishwa sheria iliyomruhusu mwenye mtumwa kumwacha huru kwa hati au kwa wosia bila kumwomba gavana. Wachache waliitumia kwa ukamilifu. Robert Carter wa Nomini Hall aliandika hati mwaka 1791 ya kuwaacha huru, kwa mafungu, karibu watu 500. Lakini Carter aliweza kwa sababu watu hao walikuwa wake. Theluthi ya mjane haikuguswa na sheria hizo zote. Ilibaki vilevile, ikiongezeka kwa kila mtoto aliyezaliwa.

Binti wa Betty

Mmoja wa watoto hao ni Ona Judge, binti wa Betty, aliyezaliwa Mount Vernon mnamo mwaka 1773. Baba yake alikuwa mshonaji Mzungu kutoka Uingereza, lakini kwa sheria ya 1662 Ona alikuwa wa mama yake, na mama yake alikuwa wa theluthi. Alikua akawa mtumishi wa karibu wa Martha, hodari wa sindano, na Washington alipokuwa Rais alichukuliwa New York na kisha Philadelphia.

Pennsylvania ilikuwa na sheria ya mwaka 1780 ya kuufuta utumwa polepole. Mtumwa wa mgeni akikaa humo zaidi ya miezi sita mfululizo, aliweza kudai uhuru. Aprili 1791 Washington alimwandikia katibu wake, Tobias Lear, kwamba karibu watumwa wote aliokuwa nao Philadelphia ni wa theluthi ya Martha, na wakipata uhuru yeye atakosa kazi yao na huenda pia akalazimika kuwalipia thamani yao kwa warithi. Kwa hiyo walirudishwa Virginia au kuvushwa mpaka wa jimbo kabla miezi sita haijatimia, kisha wakaletwa tena. Aliagiza jambo hilo lifanyike kwa siri.

Machi 1796 Elizabeth, mjukuu mkubwa wa Martha, aliolewa na Thomas Law. Ona akafahamishwa kwamba bibi akifa, yeye atakuwa wa mjukuu huyo. Tarehe 21 Mei 1796, mizigo ilipokuwa ikifungwa kwa safari ya Virginia, naye alifunga vyake. Uzeeni alisimulia kwamba aliondoka wakati wakubwa wake wanakula chakula cha jioni. Marafiki zake, watu weusi huru wa Philadelphia, walikuwa wamekwisha kumchukulia vitu vyake. Akapanda meli hadi Portsmouth, New Hampshire.

Washington alimtumia ofisa wa forodha wa huko, Joseph Whipple, amrudishe. Ona alimwambia Whipple kwamba atarudi kama ataahidiwa uhuru mabwana zake wakifa. Rais alikataa sharti hilo. Aliona kumpa aliyetoroka kile ambacho watiifu hawajapewa ni dhuluma kwa watiifu. Ona akabaki alipo. Aliolewa na baharia, Jack Staines, akapata watoto watatu, akaishi kwa umaskini, akajifunza kusoma, akafa tarehe 25 Februari 1848. Kwa macho ya sheria ya Virginia, hadi siku hiyo alikuwa mali ya mirathi ya mtu aliyefariki mwaka 1757, na watoto wake aliowazalia New Hampshire walikuwa mali ya mirathi hiyohiyo. Mdogo wake, Delphy, ndiye aliyekwenda kwa Elizabeth badala yake.

Safu mbili za orodha

Mwaka 1799 Washington aliketi na kuandika orodha ya watumwa wote wa Mount Vernon. Aliigawa safu mbili: upande mmoja herufi za jina lake, upande wa pili neno la theluthi. Pembeni mwa kila jina aliandika umri na mke au mume yuko wapi. Jumla walikuwa 317. Wake walikuwa 123, wa theluthi 153, na waliobaki alikuwa amewakodi kwa jirani. Zaidi ya 80 wa mwaka 1759 walikuwa wamekaribia kuongezeka maradufu bila Martha kununua mtu.

Orodha hiyo inaonyesha jambo ambalo mahakama haikuwahi kuliandika. Kwa miaka 40 watu wa safu mbili walikuwa wameishi pamoja, wakapendana na kuoana. Isaac, seremala mkuu, alikuwa wa Washington. Mkewe Kitty, mfanyakazi wa maziwa, alikuwa wa theluthi, na kwa hiyo mabinti zao wote walikuwa wa theluthi. Nyumba ileile, mlo uleule, safu mbili.

Tarehe 9 Julai mwaka huo Washington aliandika wosia. Aliagiza watumwa wake waachwe huru Martha akishakufa. Alieleza kwamba angependa iwe mapema zaidi, ila ndoa zao na watu wa theluthi zingeleta uchungu, na yeye hana uwezo wa kuwaacha huru wa theluthi. Wazee na wagonjwa walishwe na kuvikwa maisha yao yote. Watoto wasio na wazazi wafundishwe kusoma, kuandika na kazi ya mikono mpaka wafike miaka 25. William Lee, aliyekuwa pembeni mwake katika vita vyote vya uhuru, aliachwa huru papo hapo na kupewa dola 30 kila mwaka.

Washington alifariki tarehe 14 Desemba 1799. Wosia ukachapishwa, na kila mtu shambani akajua kwamba kati ya watu zaidi ya 100 na uhuru wao imebaki pumzi ya mama mmoja mzee. Abigail Adams, mke wa Rais wa wakati huo, alimtembelea Martha na kuandika kwamba hajioni salama katikati ya watu walioambiwa kuwa kifo chake ni faida kwao. Martha hakungoja. Tarehe 1 Januari 1801 watu wa safu ya Washington wakawa huru.

Isaac akawa mtu huru. Kitty na mabinti hawakuwa. Martha alifariki tarehe 22 Mei 1802 na theluthi ikafunguliwa: watu zaidi ya 150 wakagawanywa mafungu manne na kupelekwa kwenye mashamba ya wajukuu wanne. Kitendo hicho cha kugawa, ambacho Washington alikitaja kama sababu ya kuchelewesha uhuru wa watu wake, kilitokea vilevile. Martha mwenyewe alikuwa na mtumwa mmoja tu ambaye hakuwa wa theluthi wala wa mumewe, mwanamume aitwaye Elish. Huyu, Martha alikuwa na uwezo kamili wa kumwacha huru. Alimrithisha mjukuu wake wa kiume.

Arlington

Mjukuu huyo, George Washington Parke Custis, alipata ardhi kwenye kilima kinachoutazama mji mkuu mpya ng'ambo ya mto Potomac. Alianza mwaka 1802 kujenga jumba aliloliita Arlington, akalijaza vitu vya Mount Vernon. Waliolijenga ni watumwa wake: wengine walitoka kwenye fungu la baba yake, wengine kwenye theluthi ya bibi yake. Kama babu yake mkuu John, naye alikuwa na mtoto nje ya ndoa. Maria, binti wa mwanamke mtumwa Arianna Carter, aliolewa na Charles Syphax mwaka 1821, akaachwa huru, na Custis akamwonyesha kipande cha ardhi cha ekari kama 17 hapohapo Arlington. Hati hakumwandikia.

Custis alikufa Oktoba 1857, miaka 100 baada ya Daniel. Wosia wake uliagiza watumwa wake wote, karibu 200, waachwe huru katika muda usiozidi miaka mitano. Lakini kabla ya uhuru aliweka mambo mengine: bintiye Mary atumie Arlington maisha yake yote, kisha iwe ya mjukuu mkubwa wa kiume, wajukuu wengine wawili wa kiume wapate mashamba mawili, mojawapo White House ileile ya Pamunkey, na wajukuu wanne wa kike wapate dola 10,000 kila mmoja. Juu ya hayo yote kulikuwa na madeni. Msimamizi wa mirathi alikuwa mume wa Mary, ofisa wa jeshi aitwaye Robert E. Lee.

Katika mirathi za Kusini wadai walitangulia wote. Jefferson alikufa tarehe 4 Julai 1826 akiwa na deni la zaidi ya dola 100,000, na Januari 1827 watumwa 130 wa shamba lake la Monticello wakapigwa mnada uwanjani kulipa deni hilo. Watu wa Arlington hawakufikia mnada, ila walifanywa njia ya kulipia. Lee aliomba likizo jeshini, akakaza kazi, akawakodisha wengi kwenye mashamba ya mbali ili fedha za mabinti zipatikane, na familia zikatenganishwa. Wao walikuwa wakisema Custis aliwaambia watakuwa huru yeye akifa. Mwaka 1859 Wesley Norris, dada yake Mary na binamu yao walitoroka. Walikamatwa Maryland, karibu na mpaka wa Pennsylvania, wakarudishwa. Norris alieleza mwaka 1866 kwamba Lee aliagiza wanaume wachapwe viboko 50 na dada yake 20, kisha migongo ioshwe kwa maji ya chumvi.

Lee aliiomba mahakama iseme kama anaweza kuwashikilia mpaka urithi wa mabinti ulipwe wote. Mahakama ikasimama kwenye miaka mitano. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini vilikuwa vimekwisha kuanza. Mei 1861 Mary Lee alihama Arlington na kumkabidhi funguo mtumwa wake Selina Gray. Askari wa Kaskazini walipoingia na vitu vya Washington vikaanza kuibwa, ni Selina aliyemweleza jenerali wao kuhusu vitu hivyo, na vilivyobaki vikahamishiwa mjini. Alikuwa akilinda urithi wa ukoo ambao yeye mwenyewe alikuwa sehemu ya urithi wake.

Tarehe 29 Desemba 1862 Lee, sasa jenerali wa Kusini, alitia saini hati ya kuwaacha huru watumwa wa Custis. Siku tatu baadaye tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa majimbo ya waasi lilianza kutumika.

Hesabu iliyofungwa

Serikali ilitwaa Arlington kwa sababu ya kodi ya ardhi ya dola 92 na senti 7. Mary Lee alimtuma ndugu kuilipa, makamishna wakakataa kuipokea kutoka kwa mtu asiye mmiliki, na mwaka 1864 makaburi ya askari yakaanza kuchimbwa. Ardhi ya Maria Syphax, ambayo haikuwa na hati, iliingia humohumo. Ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria maalumu mwaka 1866 kumrudishia ekari zake.

Mrithi wa Arlington, George Washington Custis Lee, alifungua kesi. Mwaka 1882 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba serikali ilichukua shamba hilo isivyo halali. Mwaka 1883 alilipwa dola 150,000, na makaburi yakabaki pale. Ndivyo mirathi iliyofunguliwa Pamunkey mwaka 1757 ilivyofungwa: kila ekari ikatafutiwa mwenyewe, kila mrithi akapata haki yake. Watu waliolima ekari hizo na kuchapwa kwa ajili ya urithi wa mabinti wa nyumba ile hawakuwa na fungu katika hesabu hiyo. Sheria iliyokuwa makini kiasi cha kulinda haki ya mjukuu ambaye bado hajazaliwa haikuona njia ya kuwalipa waliokwisha kufanya kazi.